Arua na Koboko: Jinsi ya kumfunza mbwa wa nyumbani na kumpiga picha, na kwa nini ni muhimu

Siku ya chanjo ya mbwa huwa na kelele zake. Watoto hufika wakiwakokota mbwa kwa kamba za katani, wengine kwa waya, na wapo wanaofika mikono mitupu kwa sababu mbwa alikata kamba njiani akarudi nyumbani. Mjini Arua na mjini Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda, tatizo ni huyo aliyerudi nyumbani. Mchanjaji anaweza kuwapo na dawa ikawapo, lakini mnyama hajawahi kushikwa, na hakuna mtu mzima aliye tayari kumkamata.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia, na mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. Kati ya kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa karibu kila mara hufariki. Wataalamu wanasema mnyororo wa maambukizi hukatika iwapo asilimia 70 ya mbwa wa eneo watachanjwa, kiwango kisichofikika ikiwa mbwa hawashikiki. Nayo Koboko inapakana na Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, na mbwa hawasimami kwenye kizuizi cha forodha.

Ndiyo maana kumfunza mbwa nyumbani, jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa anasa ya watu wa mijini Ulaya, lina uzito wake hapa.

Mafunzo huanza na jina

Mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi cha kuzoea dunia. Watafiti wa Marekani John Paul Scott na John Fuller, katika kazi yao iliyochapishwa mwaka 1965, walionyesha kuwa kipindi hicho huanza karibu wiki ya tatu baada ya kuzaliwa na hupungua kuanzia wiki ya 12. Mbwa ambaye katika majuma hayo ameguswa masikio, miguu na shingo kwa upole, akasikia bodaboda na vilio vya watoto, hukua bila kuviogopa. Aliyefungwa nyuma ya jiko hadi akakua atahitaji subira zaidi, ingawa naye hufunzika.

Njia yenyewe ni rahisi. Mbwa hurudia tendo lililomletea faida. Mwenye mbwa huita jina. Mnyama akigeuka tu, hupewa kipande kidogo cha chakula papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili. Zawadi ikichelewa, mbwa huihusisha na jambo jingine, pengine kule kujikuna alikofanya wakati akingoja. Hakuna haja ya chakula cha dukani: punje ya mukene, tonge la enyasa lililobaki au kipande cha muhogo uliochemshwa hutosha. Dakika tano, mara mbili kwa siku, kabla hajala, hufaa kuliko saa nzima Jumapili.

Kamba nayo hufundishwa hivyo hivyo. Siku za kwanza hufungwa kwa ulegevu na kuachwa iburuzwe chini wakati mbwa anakula, mtu mzima akiwa karibu. Baadaye mtu hushika ncha bila kuvuta. Baada ya majuma machache, mbwa huenda na kamba kama aendavyo na mwenyewe, na siku ya chanjo haimshtui.

Katika nyumba nyingi za Kiislamu, mbwa hukaa nje kwa ajili ya ulinzi au kuchunga mifugo, na mate yake huepukwa. Hilo halizuii mafunzo, kwani zawadi inaweza kutupwa chini mbele ya miguu yake, na sifa zikatolewa kwa sauti.

Fimbo ni suala jingine. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma hujifunza kutonguruma, si kutong'ata. Siku nyingine atang'ata bila onyo. Uganda, isitoshe, ina Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama tangu mwaka 1957.

Boma moja, lugha nne

Tatizo la West Nile ambalo vitabu vya mafunzo havilitaji ni lugha. Katika boma moja la Arua, nyanya humwita mbwa kwa Kilugbara, baba kwa Kiswahili, na watoto kwa Kiingereza cha shule. Koboko huongezeka Kikakwa na Kinubi, na katika kambi ya Lobule, wanakoishi wakimbizi wengi kutoka Congo, huweza kusikika Kilingala pia. Mbwa haelewi lugha. Hutambua sauti moja iliyorudiwa mara nyingi. Familia inapaswa kukubaliana neno moja kwa kila tendo.

Wanaochagua Kiswahili wajihadhari na neno "kaa". Kwa binadamu lina maana ya kuketi na pia ya kubaki mahali, na muktadha hutufafanulia. Mbwa hana muktadha huo. Ni afadhali "keti" liwe la kuketi, na "subiri" liwe la kutosogea.

Kwa nini hugeuza uso mbele ya simu

Anayejaribu kumpiga picha mbwa wake hukutana na kisogo. Miongoni mwa mbwa, kukaziwa macho ni tishio, na simu iliyoinuliwa mbele ya uso wa mtu hufanana na jicho moja kubwa lisilopepesa. Kugeuza kichwa, kulamba midomo na kupiga miayo pasipo usingizi ni namna ya mbwa kuonyesha kwamba ana wasiwasi.

Dawa ni kuifanya simu iwe habari njema. Huwekwa chini, mbwa huinusa, hupewa zawadi. Kisha huinuliwa kidogo, zawadi tena. Mpiga picha huchuchumaa ubavuni badala ya kusimama juu ya mnyama. Mtoto mdogo asiachwe kumkumbatia mbwa shingoni kwa ajili ya picha: mbwa wengi huvumilia tu, na uso wa mtoto huwa karibu mno na meno.

Arua iko takriban nyuzi tatu kaskazini mwa ikweta, na jua la saa sita mchana huangukia utosini. Mbwa mweusi kwenye udongo mwekundu hutoka kama doa, kwa kuwa kamera hupima mwanga wa uwanja wote. Asubuhi kabla ya saa tatu au kivuli cha mwembe hufaa zaidi, na kugusa uso wa mbwa kwenye kioo cha simu huiambia kamera ipime hapo. Usiku, taa ya kamera humulika utando ulio nyuma ya jicho la mbwa, unaorudisha mwanga, na macho hutoka ya kijani.

Picha inayoweza kuhitajika

Familia ikishapata picha ya kupendeza, ipige nyingine tatu zisizo na urembo: uso, ubavu wa kushoto na ubavu wa kulia, zikionyesha madoa, mkia na makovu. Zihifadhiwe pamoja na picha ya cheti cha chanjo.

Sababu ni hii. Mtu aking'atwa, jeraha huoshwa mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha huenda kituo cha afya bila kungoja. Huko ataulizwa: mbwa wa nani, amechanjwa lini, yuko wapi? Mbwa anayeonekana mzima huchunguzwa kwa siku kumi. Akibaki mzima, hakuwa akiambukiza siku aliyong'ata, na daktari anaweza kusitisha sindano zilizosalia. Mtaani penye mbwa watano wa rangi ya kahawia, picha huonyesha ni yupi wa kufungwa na kuangaliwa, na huweza kumwokoa asiyehusika asiuawe na umati.

Mtoto wa mbwa hubadilika upesi, hivyo picha za mwezi wa tatu hazitamtambulisha akifika mwaka. Siku ya kurudia chanjo ni wakati mzuri wa kupiga nyingine.