Je, Wajua? Sayansi Tunayoipita kwa Basi, Kibaha na Kisarawe

Abiria wa Barabara ya Morogoro wanaijua Kibaha kwa foleni ya Maili Moja. Kisarawe wanaijua kwa mihogo na magunia ya mkaa. Shuka kidogo.

Je, wajua kwamba Kibaha kuna kiwanda kinachofuga bakteria ili waue mbu? Kilijengwa na Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) kwa teknolojia ya Labiofam ya Kuba na kuzinduliwa mwaka 2015, kikiwa na uwezo wa kuzalisha lita milioni 6 za viuadudu kwa mwaka. Bakteria mmojawapo, *Bacillus thuringiensis israelensis*, aligunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev nchini Israel. Hutengeneza chembe ndogo za protini ambazo viluwiluwi vya mbu huzila vikidhani ni chakula. Utumbo wa kiluwiluwi una hali ya alkali, basi chembe huyeyuka humo, sumu inatoboa kuta za utumbo, na kiluwiluwi hakifikii kuota mabawa. Tumbo la binadamu lina asidi, na sumu hiyo haipati pa kushika. Samaki wa bwawani naye hadhuriki.

Shida ilikuwa wateja. Juni 2017 Rais John Magufuli alifika kiwandani akaagiza halmashauri zinunue dawa hiyo. Nchi yenye mbu wote hawa, na dawa ya mbu inakosa mnunuzi!

Je, wajua unaweza kumtambua mbu wa malaria kabla hajaota mabawa? Chota maji ya dimbwi kwa kata nyeupe, utulie. Kiluwiluwi cha anofelesi hulala sambamba na uso wa maji kwa sababu hakina bomba la kupumulia. Cha kuleksi, yule mbu wa mitaro michafu, huning'inia kichwa chini, mkia juu.

Je, wajua dawa ileile inaweza kutoa majibu mawili? Dar es Salaam ilianza kunyunyizia bakteria hao kwenye madimbwi ya kata tatu mwaka 2006, kila wiki, kwa mikono ya wakazi wenyewe. Utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha kinga kubwa mno. Mwaka 2013 watafiti walichukua takwimu za 2004 hadi 2008, za watu zaidi ya 64,000, wakapiga hesabu upya: uwezekano wa mtu kukutwa na vimelea vya malaria ulipungua kwa asilimia 21. Mimi naiamini zaidi hiyo ya pili. Asilimia 21 katika jiji la mamilioni si haba, wala haihitaji kupambwa.

Je, wajua kwamba jirani wa Kibaha na Kisarawe, watu wa Bagamoyo, mkoa uleule wa Pwani, walishiriki majaribio ya chanjo zote mbili za malaria, RTS,S na R21? Ile ya pili ilijaribiwa kwa watoto wapatao 4,800 katika Tanzania, Kenya, Mali na Burkina Faso, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2023.

Je, wajua kuku wa kienyeji ana chanjo yake, na inatengenezwa Kibaha? Hapo ipo Taasisi ya Chanjo Tanzania, chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA). Chanjo ya mdondo inayotoka huko inatokana na kirusi dhaifu kiitwacho I-2, kilichoandaliwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na friji: kinavumilia joto kuliko chanjo za kawaida. Haihitaji sindano. Mshike kuku, mgeuze kichwa jicho litazame juu, dondosha tone moja, usimwachie mpaka apepese. Rudia kila baada ya miezi minne, maana kinga huisha na vifaranga wapya huwa wameshaanguliwa. Kosa la wafugaji wengi ni kuikimbilia chanjo banda likishaanza kusinzia. Kuku aliyekwisha kuugua chanjo haimponyi, na mdondo unaweza kufagia banda zima kwa siku chache.

Je, wajua Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa nchi za Nodiki, likakabidhiwa kwa serikali Januari 1970? Shule, kilimo na tiba viliwekwa pamoja tangu mwanzo, na Hospitali ya Tumbi ni tunda lake.

Je, wajua shamba la mihogo linaweza kukudanganya? Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey, aliyekuwa Amani, Tanga. Huenezwa na inzi weupe na kwa pingili zenye maambukizi. Majani yanaweza kuonekana mazuri tu. Ng'oa, kata muhogo: ndani kuna mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo, hauliki wala hauuziki. Ndiyo maana wakulima wa Pwani wanahimizwa kupanda mbegu vumilivu kama Kiroba, badala ya kuomba pingili kwa jirani bila kuuliza.

Je, wajua ukataji wa misitu una mwendo unaopimika? Mtafiti Antje Ahrends na wenzake walilinganisha misitu kuanzia kilomita 10 hadi 220 kutoka Dar es Salaam, mwaka 1991 na tena 2005. Wakata mbao za thamani walikuwa wakisogea mbali na jiji kwa kilomita 9 kila mwaka. Nyuma yao, taratibu, wakafuata wachoma mkaa kwa kilomita 2. Mbao kwanza, mkaa baadaye, na kadiri unavyolikaribia jiji ndivyo aina za miti zinavyopungua. Matokeo yalichapishwa 2010. Kisarawe ilikuwa mlangoni pa wimbi hilo, na sufuria nyingi za Dar zilichemka kwa miti yake.

Je, wajua katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, pale Kisarawe, anaishi komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi? Alitambulishwa rasmi kisayansi mwaka 1997. Amewahi kuingia mara kadhaa katika orodha ya jamii 25 za nyani na komba zilizo hatarini zaidi duniani. Watafiti humtambua zaidi kwa mlio wake usiku, maana komba wengi wanafanana kwa sura.

Je, wajua Pugu ina miti inayobeba jina lake katika vitabu vya botania duniani kote? *Millettia puguensis* na *Baphia puguensis*.

Je, wajua mbono uliwahi kuahidiwa kuendesha magari? Mwaka 2009 kampuni ya Kiingereza, Sun Biofuels, ilipata hekta 8,211 za vijiji 11 vya Kisarawe ili kulima mbono wa mafuta. Ulisifiwa kwamba unastawi popote. Unastawi kweli, ila kwenye udongo duni na mvua haba mbegu zake ni chache. Wanakijiji wakapoteza mapori walikochota maji, kuni, dawa na mkaa. Mwaka 2011 kampuni ikafilisika, na shamba likauzwa kwa mwekezaji mwingine.