Gari Linavuja: Lipi Kweli, Lipi Uongo?

Masika yakikolea Dar es Salaam, utawaona tu: milango minne wazi, makapeti yameanikwa juu ya boneti, mwenye gari kachuchumaa anakausha sakafu kwa magazeti. Gari likishapita miaka 20, mipira yake imekakamaa na njia zake za maji zimejaa taka. Ushauri wa kijiweni hapo haukosekani. Mwingine ni wa kweli. Mwingine umeshanitoa pesa mfukoni.

"Palipolowa ndipo panapovuja."

Uongo, na huu ndio unaowalisha mafundi wengi. Maji hayakai yalipoingilia. Yanafuata waya, yanateremka ndani ya nguzo za milango, yanapita chini ya kapeti, mwisho yanatuama penye bonde. Paki gari mahali penye mteremko usiku kucha, asubuhi utakuta dimbwi limehamia upande mwingine.

Gari langu la mwaka 1999 lilikuwa likilowa miguuni pa abiria wa mbele. Fundi wa kwanza aliushutumu mpira wa mlango, nikanunua mpya. Wa pili akasema ni kioo cha mbele, akakizungushia silikoni. Mvua iliyofuata, kapeti chepechepe. Wa tatu, mzee asiye na maneno mengi, mlango hakuugusa. Alifungua boneti, akafungua waipa, akabandua ile plastiki nyeusi iliyo chini ya kioo, akatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko. Akatoa majani ya mwarobaini yaliyooza yakawa mboji, viganja viwili vizima, na ndani yake mche umeshaota majani mawili. Chini ya mboji hiyo ndipo lilipokuwa tundu la kutolea maji, limeziba kabisa. Tundu hilo likiziba, maji yanajaa hapo juu hadi yanafika mdomo wa kuingizia hewa, yanashukia kwenye feni, kisha yanamdondokea abiria miguuni. Mpira wangu wa zamani wa mlango ulikuwa mzima. Nilikuwa nimeshautupa.

Basi unayepaki chini ya mwarobaini au mwembe, anzia hapo kabla hujanunua chochote.

"Kiangazi gari halivuji."

Uongo. Kama kapeti limelowa na wiki nzima hakuna wingu, itazame AC. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, nao ukigusa mabomba baridi ya AC ndani ya dashibodi unageuka maji. Maji hayo yana kimrija chao cha kutokea chini ya gari. Ndiyo maana kidimbwi kidogo unachokiona chini ya gari lililotoka safari na AC imewashwa si ubovu. Wasiwasi uje pale kidimbwi kinapotoweka na kapeti la mbele kuanza kulowa: kimrija kimeziba vumbi au mdudu kajenga humo. Kwa magari yetu mengi ya usukani wa kulia, maji hayo hutokea upande wa kushoto, chini ya kikabati cha dashibodi.

Chovya kidole hapo ukisugue na kidole gumba. Maji ya AC hayana rangi wala harufu. Yakiteleza, yakiwa na rangi ya kijani au nyekundu na harufu ya utamutamu, hiyo ni kulanti, na inayovuja ni rejeta ndogo ya kupashia hewa joto iliyojificha nyuma ya dashibodi. Hata mtu ambaye tangu anunue gari hajawahi kuwasha hita anaweza kupatwa na hili, maana katika magari mengi kulanti hupita humo iwe hita imewashwa au la. Wapo mafundi wanaoionja ili kuhakikisha. Usionje, ni sumu, na watoto usiwaache karibu.

"Mlango mzima hauingizi hata tone."

Uongo, ingawa ukiusikia unaonekana wa maana. Maji ya mvua huteremka kwenye kioo cha mlango na kuingia ndani ya bati lake, ndivyo ulivyoundwa. Hutokea chini, kwenye vitundu vilivyo ukingoni. Kinachoyazuia yasije kwako ni karatasi ya nailoni iliyogandishwa nyuma ya ubao wa mlango. Akija fundi wa spika au wa vioo vya umeme, anaichana, anarudisha ubao, anapokea hela yake, anakwenda zake. Mvua ikinyesha, unalaumu mpira. Na ukifunga mlango ukasikia maji yanacheza ndani kama kwenye mtungi, chokoa vile vitundu kwa kijiti.

"Ukiwa na sanrufu, tatizo ni mpira wake."

Mara nyingi si huo. Mpira wa sanrufu haukukusudiwa kuzuia kila tone. Yanayopita hupokewa na mfereji wenye mirija pembeni, inayoshuka ndani ya nguzo. Mimina maji kidogo kwenye kona ya mfereji, angalia kama yanadondoka chini ya gari. Usiizibue kwa upepo wa kompresa: mrija unaweza kuchomoka ndani, na hapo umejiongezea kazi.

"Mashine ya presha itafichua panapovuja."

Itakudanganya. Presha hupenyeza maji hata mahali ambapo mvua haijawahi kupita. Tumia mpira wa bustani, maji yateremke taratibu, uanzie chini ukipanda juu, sehemu moja kwa dakika kadhaa. Mwenzako akae ndani na tochi. Mipira ya milango na buti ipake poda ya mtoto kabla hujaanza. Maji yakipita yataacha mchirizi. Usisahau taa za nyuma, antena na maungio ya paa.

"Silikoni inatibu kila kitu."

Ile yenye harufu ya siki hulisha bati kutu, na siku kioo kikihitaji kubandikwa upya, gundi ya vioo haitashika vizuri juu yake. Uongo.

"Kapeti limekauka, yamekwisha."

Bado. Chini ya kapeti kuna sponji nene inayoweza kukaa na maji kwa majuma huku juu ukigusa ni pakavu. Vioo vikiamka na ukungu kila asubuhi, jua sponji imelowa. Ng'oa viti, nyanyua kapeti, uanike juani. Tenganisha betri kwanza, na soketi za manjano chini ya viti usizichezee. Ni za eabegi.

"Gari lenye uvundo huenda liliwahi kuzama."

Huu una ukweli ndani yake, hasa ukiwa unanunua lililokwisha kutumika. Muuzaji ataosha viti, atabadilisha makapeti, atatundika manukato. Mkanda wa kiti ni wachache wanaoukumbuka. Uvute hadi mwisho kabisa, ule urefu ambao kwa kawaida hautoki. Ukikuta alama ya matope imekata mkanda kwa mstari, mrudishie ufunguo wake.