Bakuli la jirani wakati wa Noeli



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa jumuiya alinisubiri mlangoni mwa sakristia. Ameniruhusu niandike habari yake. Wakati wa Idi jirani yake Mwislamu alimletea bakuli la pilau, kama afanyavyo kila mwaka. Safari hii mama alikuwa amepokea kwenye simu ule ujumbe unaozunguka bila jina la mwandishi, kwamba Mkristo akila chakula cha sikukuu ya dini nyingine ameshiriki ibada isiyo yake. Akaogopa, akaenda kuimwaga pilau jalalani. Mtoto wa jirani alikuwa akipita, akaona. Tangu siku hiyo salamu ni za shingo upande, na bakuli la watu mpaka leo liko kabatini kwake. Anaona haya kulirudisha. "Sasa Padre, Noeli inakuja. Nimpelekee chakula au nisimpelekee?"

Wapo watakaoliona swali hilo dogo. Wakumbuke Buseresere, mkoani Geita, Februari 2013, ambako mabishano ya nani achinje nyama yalizaa ghasia, na mchungaji akauawa.

Sikumjibu palepale, nilimwomba wiki moja. Swali lake lilinigusa pabaya, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kukikataa chakula cha jirani, tena mbele ya macho yake.

Mwaka 2000, nikiwa padre kijana, nilipelekwa masomoni Uingereza, nikapewa chumba katika nyumba ya parokia moja mjini Leicester, mtaa wa Highfields. Nilikwenda nikidhani naenda nchi ya Wakristo. Mtaani kwetu nilikuta misikiti, nikakuta na sinagogi lililojengwa mwaka 1898. Upande wa pili wa mji, Barabara ya Belgrave huwashwa taa nyingi wakati wa Diwali kiasi kwamba watu husafiri kutoka miji mingine kuja kuziona. Wengi wa Wahindi wale walitoka kwetu Afrika Mashariki. Idi Amin alipowafukuza Uganda mwaka 1972 na kuwapa siku 90, halmashauri ya mji wa Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasiende huko. Walikwenda.

Jirani yangu wa kushoto alikuwa mmoja wao, mama wa makamo ya bibi yangu, mzaliwa wa Jinja. Siku ya kwanza aliponiona na koti langu jembamba alisema, "Jambo! Habari ya baridi?" Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, ngeli zote zimevurugika, lakini kwa mtu aliyekaa wiki tatu bila kuisikia lugha yake kilikuwa kama uji wa moto. Nikamwita Mama tangu siku hiyo.

Diwali ya mwaka ule iliangukia mwishoni mwa Oktoba. Mama akaja mlangoni na sahani ya ladu na barfi. Nami, kichwa kikiwa kimejaa teolojia ya seminari, nikamuuliza, "Mama, hivi vimewekwa mbele ya miungu?" Akanitazama kidogo. "Ndiyo. Kwanza ya Mungu, halafu ya watu." Nikamwambia kwa adabu kwamba siwezi kupokea. Akaifunika sahani kwa upindo wa sari yake, akasema, "Si kitu, Padre," akarudi kwake. Nilifunga mlango nikijiona shahidi wa imani.

Usiku nikaufungua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 10, nipate kujipongeza vizuri. Paulo anakataza waziwazi kushiriki meza ya sanamu, na hapo hakuna mjadala hata leo. Lakini akifika kwenye nyama ya sokoni na mwaliko wa nyumbani kwa mtu asiyeamini, anasema ule ulichoandaliwa bila kuulizauliza. Mtu akikuambia mwenyewe kwamba kitu hicho ni sadaka, basi uache, na uache kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyekuambia, siyo yako. Nilisoma mara tatu. Mtume anasema usiulize, na mimi niliuliza. Nilimlazimisha mama wa watu kusema jambo ambalo hakuja kulisema. Yeye alikuja kuleta ladu.

Sikwenda kumwomba radhi. Nilijiambia nitakwenda kesho, na kesho ikawa Desemba.

Desemba ya kule ni giza. Jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Nadhani ndiyo maana kila nyumba huwasha kitu. Mwaka ule Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma siku kama 11, ilikuwa imefika Noeli. Hata mwaka 2030 itafika huko tena. Hanuka nayo ilianza siku chache kabla ya Noeli. Ng'ambo ya barabara mwalimu mstaafu, Myahudi, aliwasha mishumaa dirishani, kila usiku akiongeza mmoja hadi ikatimia minane. Habari ya sikukuu hiyo imo katika Biblia yetu Wakatoliki, Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo, sura ya 4, Hekalu lilipotakaswa. Tena Yohane, sura ya 10, anasimulia kwamba Bwana wetu alikuwa Hekaluni katika sikukuu hiyo, na hakusahau kuandika kuwa ulikuwa wakati wa baridi. Nilikuwa nimeusoma mstari huo miaka yote ya seminari bila kuhisi baridi yoyote.

Pale parokiani baadhi ya waamini walitoa wazo kwamba pango la Noeli lisiwekwe nje ya kanisa, tusije tukawakwaza wenye dini nyingine. Waliokuwa na hofu hiyo wote walikuwa Wakristo. Hakuna jirani aliyelalamika. Siku moja jirani wa kulia, Mwislamu, dereva wa teksi, akanisimamisha. "Mwaka huu Maryamu yuko wapi? Wanangu humtafuta wakienda madrasa." Kurani ina sura nzima yenye jina la Maryamu, ya 19, na kuzaliwa kwa Yesu kunasimuliwa humo. Nilipeleka swali lake kwenye kikao kama lilivyo. Kesho yake pango likatolewa nje. Tulikuwa tumemwamulia jirani kitakachomuudhi, bila hata kumbishia hodi.

Siku ya Noeli mabasi hayatembei kule. Nami nilikuwa na Misa ya alasiri katika nyumba ya wazee, upande mwingine wa mji. Jirani dereva akanipeleka, akanisubiri, akakataa fedha, na siku hiyo nauli ya teksi huwa juu. Alikuwa amefunga. Tukiwa njiani kurudi magharibi ikaingia. Akaegesha gari pembeni, akatoa tende, moja yake, moja yangu. Sikuuliza kitu. Nilikula.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Mama mlangoni, mikono ndani ya shali, na sahani imefunikwa. Ladu zilezile. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Hii sijaweka mbele ya Mungu. Yako nimetoa kwanza, nikaweka kando."

Miezi miwili alikuwa amelibeba swali langu, akalitafutia njia ili nami nile. Yale Paulo aliyowaomba Wakorintho, kuangalia dhamiri ya mwenzako, aliyafanya yeye. Waraka wenyewe ulikuwa mezani kwangu. Nilimwomba radhi hapo mlangoni, kwa maneno machache na mabaya. Akasema, "Kula, baridi."

Kwetu sahani hairudi tupu. Sikuwa na kitu ila pakiti moja ya majani ya chai niliyotoka nayo nyumbani. Mama aliinusa muda mrefu, akauliza kama chai hiyo inatoka karibu na Jinja. Nikasema hapana, ni ya Mufindi, mbali sana. "Karibu tu," akasema.

Mama wa pilau alikuja jana kuchukua jibu. Nilimweleza kwamba Vatikano kila mwaka hutuma salamu kwa Waislamu wakati wa Ramadhani na kwa Wahindu wakati wa Diwali, na hakuna anayesema Kanisa limebadili ibada yake. Kisha nikamwambia aanze na lile bakuli. Alipeleke kabla ya Noeli, lisiwe tupu, na aseme mwenyewe alichofanya na pilau ya watu, maana mtoto ameshasema. Akafikiri kidogo. Anaye kuku wa kienyeji, alisema. Sasa huyo kuku achinjwe na nani?

Nikamwambia hilo akamuulize jirani yake.