Prosesa ya kupandishwa kasi: Yanayopaswa kukaguliwa kabla ya kulipa

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

WENYE steshenari, wahariri wa video za harusi na wanafunzi wa vyuo jijini Mwanza, wengi wao hutegemea kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika katika ofisi za nje kabla ya kuletwa nchini. Ni mashine imara na bei yake huvumilika, lakini baada ya muda mwenyewe huanza kulalamika kuwa imekuwa nzito. Hapo hujitokeza fundi wa kumweleza kuwa, kwa malipo kidogo, prosesa inaweza kupandishwa kasi kupita kiwango kilichowekwa kiwandani, kazi ambayo mafundi huiita ovakloki.

Jambo hilo lipo na linafanyika duniani kote. Hata hivyo, haliwezekani kwa kila prosesa, na kwa sehemu kubwa ya kompyuta hizo za ofisini haliwezekani kabisa. Asiyejua tofauti hiyo anaweza kulipia kazi ambayo haikufanyika, ama, lililo baya zaidi, kuiunguza mashine inayomlisha.

Prosesa huenda kwa mapigo. Ile ya gigahezi 3.3 hupiga mara bilioni 3.3 kwa sekunde, na kasi hiyo hupatikana kwa kuzidisha mapigo ya msingi, ambayo kwa prosesa nyingi za miaka ya karibuni ni megahezi 100, kwa namba iitwayo kizidishi. Hapa kizidishi ni 33. Kikipandishwa hadi 45, prosesa ileile itakwenda kwa gigahezi 4.5, mradi iweze kuhimili.

Mwaka 1998 wapenzi wa kompyuta waligundua kuwa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya Intel, ingeweza kutoka megahezi 300 hadi 450. Kizidishi chake kilikuwa kimefungwa kwenye 4.5, lakini waliyapandisha mapigo ya msingi kutoka 66 hadi 100, na mnyonge akawafikia wakubwa wake. Haishangazi kwamba watengenezaji baadaye waliamua wenyewe ni nani auziwe prosesa isiyo na kufuli, na kwa bei gani.

Kwa upande wa Intel, kufuli hiyo husomeka kwenye jina. Tangu mwaka 2010 herufi K mwishoni mwa namba, kama ilivyo kwa Core i5-2500K ya mwaka 2011 au i7-8700K ya mwaka 2017, humaanisha kuwa kizidishi kiko wazi. Core i5-4590, ambayo hukutwa kwa wingi ndani ya kompyuta za ofisini, haina herufi hiyo na kizidishi chake kimefungwa. AMD wao waliziacha wazi karibu prosesa zote za Ryzen za kompyuta za mezani tangu mwaka 2017, isipokuwa chache kama Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022.

Prosesa iliyo wazi bado huhitaji mazabodi inayoruhusu. Kwa Intel ni zile za kundi la Z, mathalani Z370 au Z790; kwa AMD, B450 au B550 zinatosha, ilhali A320 na A520 haziruhusu. Kompyuta za ofisini za Dell OptiPlex au HP EliteDesk kwa kawaida hazina sehemu hiyo ya kurekebisha kwenye BIOS yake, hata mtu akiipachika prosesa yenye K. Kwa hiyo fundi anayeahidi kuipandisha kasi i5-4590 ndani ya OptiPlex anauza upepo. Programu ya bure ya CPU-Z huonyesha jina la prosesa na la mazabodi bila kufungua kasha, na ni vyema mteja akaiendesha mwenyewe kabla ya kutoa fedha.

Suala linalosahaulika zaidi ni joto. Umeme unaoliwa na prosesa huongezeka kwa uwiano wa kasi, lakini pia kwa mraba wa volti, na kasi ikipanda volti nayo huhitaji kupandishwa. Tuchukue prosesa ya gigahezi 3.3 inayotumia volti 1.20, ipandishwe hadi gigahezi 4.5 kwa volti 1.35. Kasi imeongezeka kwa asilimia 36, ilhali umeme, na joto linalotokana nao, umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 70. Mwenye mita ya LUKU ataliona hilo.

Mwanza ina mazingira yake. Jiji liko mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa huwa nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam au Tanga, hivyo feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile huondoa joto kidogo zaidi. Hapo pana vumbi la kiangazi, na pana wale wadudu wa ziwani ambao kwa mbali huonekana kama moshi juu ya maji, kisha usiku hufuata taa na kuishia kwenye matundu ya feni. Mwandishi wa makala haya aliwahi kufungua kasha lililokaa msimu mmoja karibu na dirisha la Kirumba akakuta bamba la kupozea limeziba kabisa. Anayesoma kwenye majaribio ya Ulaya kuwa prosesa fulani ilifika gigahezi 5 ajue kwamba chumba chao hakikuwa na joto la mchana wa Oktoba huku kwetu.

Kwa sababu hiyo, anayenunua hapa hana haja ya kukimbilia namba kubwa. Core i9-13900K na i9-14900K huruhusiwa kiwandani kufikia wati 253 hata kabla ya kuguswa. Aidha, mwaka 2024 Intel ilikiri kuwa baadhi ya prosesa za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiharibika kutokana na volti kupanda kupita kiasi, ikatoa marekebisho ya BIOS na kuongeza miaka miwili ya udhamini. Marekebisho hayo huzuia uharibifu, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Kuinunua mkononi mwa mtu, bila risiti, ni kununua ugonjwa usioonekana.

Chaguo la busara zaidi ni prosesa kama Ryzen 5 2600 ya mwaka 2018 au Ryzen 5 3600 ya mwaka 2019. Zote zina kiini sita, hupimwa kwa wati 65, na zimo katika orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Hilo la mwisho si dogo, kwani Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Core i5-2500K, pamoja na sifa zake zote za kupanda kasi, haimo katika orodha hiyo, na hakuna ovakloki itakayoiingiza.

Ni kweli pia kwamba prosesa za sasa hujipandisha zenyewe hadi karibu na ukomo wake, na kilichobaki kwa fundi ni kidogo. Faida kubwa ya kufuli kuwa wazi kwa mkazi wa Mwanza huenda ikawa kinyume cha matarajio: kuishusha volti kidogo kidogo huku kasi ikibaki palepale, ili mashine ipoe. Na kwa mwenye kompyuta ya ofisini iliyofungwa, fedha ya ovakloki ingefaa zaidi kwenye SSD na RAM, halafu UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi video, kasi ya prosesa haisaidii kitu.

Atakayeamua kupandisha, apande hatua moja ya kizidishi kwa wakati, kisha aiache Prime95 iitese mashine kwa saa nzima mchana, akitazama joto kwenye HWiNFO. Likikaribia nyuzi 90, arudi nyuma. Na iwapo kompyuta itakataa kuwaka, aichomoe kwenye umeme na kuitoa betri ndogo ya mazabodi kwa dakika chache. Kwa kawaida mipangilio ya kiwandani hurejea.