Mji Mpya wa Kaskazini Uanze na Maji

Tangu mradi wa uchukuzi wa LAPSSET uzinduliwe Lamu Machi 2012, mipango mingi ya miji mipya kaskazini mwa Kenya hufuata kwanza mstari wa barabara: Lamu, Garissa, Isiolo. Naona tumeanza mwisho. Barabara yaweza kusogezwa kilomita kadhaa kwenye ramani. Penye maji hapasogei, na nchi hii ni kame. La kwanza kuuliza ni wakazi watakunywa nini na majitaka yao yatakwenda wapi.

Wapo watakaosema Dadaab imekwisha kujibu. Kambi zake za wakimbizi zilianza 1991, zikafikia karibu watu nusu milioni mwaka 2011, wote wakitegemea visima virefu. Ni kweli, lakini visima hivyo huvuta hifadhi ya Merti, maji ya kale ya chini ya ardhi yanayojazwa polepole mno, matamu katikati na ya chumvi pembeni. Kipimo cha kambi ni kama lita 20 kwa mtu kwa siku. Mji wenye hospitali, vichinjio na viwanda hutaka mara kadhaa ya hapo, na pampu zikizidisha kuvuta, chumvi husogea katikati. Ndiyo maana wakazi wa Habaswein, wanaotegemea hifadhi hiyo hiyo, waliupinga mpango wa kupeleka maji yao Wajir. Wajir nako maji yako karibu mno na uso wa ardhi, hata shimo la choo huchafua kisima. Kwa miongo mingi mji huo uliishi na vyoo vya ndoo, dhiki ambayo hakuna anayestahili kupangiwa upya.

Inabaki Tana, mto usiokauka. Napendekeza ardhi ya juu mashariki ya Garissa, mbali na kingo lakini karibu kwa bomba. Mafuriko si pingamizi dogo: mto ulifurika 1961, 1997, 2018, 2023 na 2024, na miaka ya karibuni barabara ya Nairobi ikakatika upande wa Madogo. Ila maji hayo yameacha alama, na alama hizo ndizo mpaka wa kujenga. Kuyapandisha maji ya mto hadi huko kunawezekana mchana kwa umeme wa jua. Kituo cha Garissa kilichozinduliwa 2019 kina zaidi ya megawati 50. Kinachonitia hofu zaidi ni dhana kwamba ardhi hiyo ni tupu. Ni malisho, na malka, njia za mifugo kushukia mtoni, zikizibwa kwa ploti, ugomvi utafuata. Serikali ya kaunti isigawe hata ploti moja kabla ya kukaa na wafugaji na kuchapisha ramani ya mafuriko na ya malka.