Mabadiliko ya uso wa mbwa

Mabadiliko ya uso wa mbwa ni hali zisizo za kawaida zinazoonekana kwenye macho, pua, mdomo, taya au ngozi ya uso wa mnyama huyo. Baadhi ni maumbile ya kuzaliwa yasiyo na madhara, nyingine ni dalili za ugonjwa, na chache ni hatari kwa watu pia. Katika maeneo kama Madale, pembezoni mwa Dar es Salaam nchini Tanzania, ambako mbwa wengi hufugwa kwa ulinzi wa nyumba, kuzitofautisha kunaweza kuokoa maisha ya mbwa na ya mfugaji.

Maumbile ya kuzaliwa

Mbwa anaweza kuwa na macho ya rangi mbili, pua yenye madoa ya waridi au taya la chini lililotangulia mbele, na bado akawa mzima. Mbwa wa pua fupi, kama vile bulldog na pug, hupata shida ya kupumua wakati wa joto. Mtoto wa mbwa mwenye kaakaa lililopasuka hutokwa na maziwa puani anaponyonya. Huyo anahitaji daktari mapema, kwa kuwa maziwa yanaweza kuingia mapafuni.

Mabadiliko ya baadaye

* Uvimbe chini ya jicho mara nyingi hutokana na usaha kwenye mzizi wa jino la juu.
* Uvimbe wa ghafla unaweza kusababishwa na nyuki au nyoka.
* Upande mmoja wa uso hulegea neva yake ikidhurika, wakati mwingine kutokana na ugonjwa wa sikio.
* Ukungu kwenye jicho unaweza kutokana na jeraha, au na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o.
* Damu puani inaweza kuwa dalili ya ugonjwa unaoenezwa na kupe.

Taya linaloning'inia

Mbwa ambaye taya lake limelegea, anatokwa na udenda na hawezi kumeza, mara nyingi hudhaniwa amekwamwa na mfupa. Hata hivyo, hiyo ni dalili mojawapo ya kichaa cha mbwa cha aina ya kupooza, ambacho huweza kutokea bila ukali wowote. Mtu asiingize mkono mdomoni mwake, kwa sababu virusi vimo katika mate.

Aliyeng'atwa, au aliyeguswa na mate hayo kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa.

Kinga kuu ni kuchanja mbwa. Kisiwani Pemba kampeni za chanjo zilikomesha ugonjwa huo. Uliporudi mwaka 2016, ulidhibitiwa tena kwa chanjo.

Wakati wa kumwona daktari wa mifugo

Taya kulegea, uvimbe wa ghafla, shida ya kupumua, jicho kutokeza nje au damu isiyokatika huhitaji daktari mara moja. Mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa afungiwe bila kushikwa, na ofisa mifugo wa kata aitwe. Uvimbe unaokua polepole, ukungu wa jicho au uso kulegea upande mmoja vichunguzwe ndani ya siku moja au mbili. Umbo ambalo mbwa amezaliwa nalo, akiwa anakula na kupumua vizuri, linaweza kusubiri hadi siku ya chanjo.