Mwanzi au Fimbo ya Dukani? Gharama za Kuanza Kuvua Ukingoni mwa Yala

Anayetaka kujifunza kuvua kwa ndoano akiwa Sigalagala ana bahati moja na mkosi mmoja. Bahati ni kwamba maji yako karibu. Mto Yala uko upande wa kusini, ukiitenga Kakamega na Vihiga, na Isiukhu uko kaskazini, ukipita kando ya mji wa Kakamega. Mkosi ni kwamba video nyingi atakazozifungua kwenye simu zimerekodiwa na watu wanaovua samaki wengine, kwenye maji mengine, kwa pesa ambayo huku ungenunulia ng'ombe.

Mfano mzuri ni steelhead, samaki anayewakosesha usingizi wavuvi wa pwani ya Pasifiki huko Marekani na Kanada. Ni trauti ambaye huzaliwa mtoni, hushuka baharini kunenepa, kisha hurudi kuupanda mto ili akatage. Mito yake ni mipana na baridi yake ni ya kuuma mifupa. Kwa hiyo mvuvi hununua fimbo ya karibu mita tatu, rili yenye breki laini, na suruali ya mpira inayofika kifuani. Kila kimoja kati ya hivyo kina sababu yake kule. Ukivihamishia vyote kwenye ukingo wa Yala, penye matete, mikuyu na migomba ya watu, sababu nyingi zinayeyuka na inabaki bei.

Na si kwamba sisi hatuna samaki wa kupanda mito. Tunao, au tuseme tulikuwa nao kwa wingi zaidi. Ningu na fwani hutoka Ziwa Victoria mvua zinapoanza na kuingia mitoni kutaga. Watu wa kando ya Nzoia waliujenga uvuvi wao juu ya safari hiyo, kwa mitego ya vikapu na nyua za miti zilizowekwa kukatiza maji. Baadaye zikaja nyavu za nailoni zilizotandazwa kwenye midomo ya mito, zikawanasa ningu wakiwa na mayai tumboni. Mwaka 1965 mtafiti Cadwalladr alichapisha makala kuhusu kuporomoka kwa ningu katika Nzoia, na jinsi mbinu za wenyeji zilivyodhoofika pamoja na samaki mwenyewe. Kwa hiyo anayekuambia ununue vifaa vya bei kwa ajili ya msimu mkubwa wa ningu anakuuzia msimu wa babu yako.

Samaki wa kufikiriwa na mwanafunzi wa Sigalagala leo ni wawili. Wa kwanza ni kambare, yule ambaye majirani wetu Waluo humwita mumi: hana magamba, ana sharubu, hupenda maji yaliyotulia chini ya kingo zilizochimbika, na hula zaidi jua likishazama. Wa pili ni fwani, wengi wao wadogo, wanaokaa penye maji yanayokimbia na mawe. Wote wawili hula nyungunyungu. Hakuna kati yao anayehitaji umrushie ndoano mita arubaini.

Sasa tuhesabu. Bei ninazozitaja ni za mviringo, za kukusaidia kulinganisha.

Seti ya kwanza ni ya mwanzi. Mwanzi mkavu wa mita tatu na nusu hadi nne utaupata bure kwa jirani au kwa shilingi 50. Uzi wa nailoni usiosokotwa, unene wa milimita 0.30 hadi 0.35, hubeba kilo sita hadi tisa hivi, na gombo moja la shilingi 150 litakutosha msimu mzima. Ndoano kumi, kwa shilingi 10 hadi 20 kila moja, ni 200 ukiwa mkarimu. Chubwi unaweza kununua, au ukafunga nati ndogo kutoka kwa fundi wa pikipiki. Boya ni kipande cha malapa yaliyokwisha. Jumla haifiki shilingi 450, na uzi utabaki.

Seti ya pili ni ile fimbo ya kuvutika kama antena ya redio, inayouzwa pamoja na rili, uzi na maboya ya plastiki ya rangirangi ndani ya mfuko mmoja. Hupatikana mtandaoni na katika maduka machache ya miji mikubwa, kati ya shilingi 2,000 na 4,000, mbali na gharama ya kuletewa. Seti ya tatu ni fimbo na rili zilizonunuliwa kila moja peke yake, za viwanda vinavyojulikana, na hapo shilingi 10,000 ni pa kuanzia tu.

Msomaji wa makala za kulinganisha bei amezoea kuambiwa achukue ya katikati. Hapa mimi nasema ya katikati ndiyo mbovu kuliko zote. Uzi unaokuja nayo mara nyingi umekaa dukani hadi umekauka na kukatika kwa kuvutwa mkono tu, hivyo utanunua mwingine. Ndoano zake ni laini, zinanyooka kwa kambare wa kilo mbili. Rili yake ina vyuma vyepesi ambavyo punje moja ya mchanga wa Yala inatosha kuvikwaruza, na ikishakwama hakuna fundi Khayega wa kukutengenezea. Zaidi ya hayo, inakufundisha kurusha mbali wakati samaki wako wamejificha mita mbili kutoka unaposimama. Mwanafunzi anashinda akitoa ndoano kwenye mti wa ng'ambo.

Mwanzi una adabu ya kumfundisha mtu. Uzi haupiti urefu wa mti wenyewe, kwa hiyo huna budi kusogea kimya, kusoma maji, na kujua kambare analala wapi. Unahisi kila mguso kwenye kiganja. Na ukivunjika, unakata mwingine njiani ukirudi.

Pesa utakayookoa, weka sehemu yake ndogo kwenye ndoano. Hapo usiwe bahili. Maduka mengi ya vifaa vya uvuvi kuelekea ziwani huuza ndoano za mbuta, ambazo kwa fwani wa mtoni ni nanga. Katika nambari za kawaida, tarakimu ikipanda ndoano hupungua: namba 10 inamfaa fwani mdogo, namba 4 au 2 inamfaa kambare. Iguse ncha kwenye ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza, irudishe; ikikwama kwenye ukucha bila kusukumwa, nunua. Ukifika nyumbani bonyeza kwa koleo ule mwiba mdogo wa ndani ya ndoano hadi ulale. Utapoteza samaki mmojammoja, lakini ndoano ikikuingia kidoleni, na siku moja itakuingia, itatoka kwa kuvuta badala ya kwa safari ya hospitali.

Fundo nalo halina gharama, na ndilo linalopoteza samaki wengi kuliko ubovu wa fimbo. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoano, acha mkia wa urefu wa kiganja. Uzungushe mkia huo mara tano kwenye uzi mkuu, kisha uurudishe kwenye kitanzi kidogo kilichobaki karibu na tundu, halafu uupitishe tena ndani ya kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Kabla ya kukaza, lilambe. Nailoni kavu ikivutwa hujiunguza yenyewe kwa msuguano na kudhoofika mahali pale pale utakapoitegemea. Kaza polepole mpaka mizunguko ipangane bila kupandana, kata mkia, jaribu kwa kuvuta ukiwa umeishika ndoano kwa koleo.

Chambo ni cha shamba: nyungunyungu kutoka chini ya migomba yenye unyevu, au ugali uliokandwa hadi ushikane. Ninaona watu wakinunua chambo bandia cha plastiki kwa shilingi mia mbili mia tatu kipande kimoja, kisha wanakiacha kwenye gogo la kwanza. Kwa Yala iliyochafuka baada ya mvua, samaki hutafuta kwa harufu na sharubu, hivyo rangi nzuri ya plastiki humpendeza mnunuzi peke yake.

Baada ya mto, kuna njia mbili nyingine za kujifunza.

Ya kwanza ni bwawa la mtu. Mpango wa serikali wa kuchochea uchumi ulioanza 2009 ulichimba mabwawa ya mita za mraba 300 katika maeneobunge mengi nchini, na Kakamega ilipata mgao wake. Mengi yalikauka au yakageuka makao ya vyura, lakini wafugaji waliobaki wapo, na wengine wameanza baadaye kwa pesa zao. Ukimjua mmoja, mwombe siku yake ya kuvuna akuruhusu uvue kwa ndoano kabla ya kuingiza wavu, nawe umlipe kwa kilo kama mteja mwingine. Tuseme ngege wa kilo moja ni shilingi 400 hadi 600. Kwa bei hiyo umepata mboga na umepata somo la asubuhi nzima, kwa sababu ngege wa bwawani aliyezoea kulishwa atakugusia ndoano mara nyingi kuliko mto utakavyofanya kwa mwezi. Kwa mtoto au mtu asiye na subira, mimi ningeanzia hapa. Kasoro yake ni kwamba bwawa halikufundishi kusoma mkondo.

Ya pili ni trauti wenyewe, ndugu wa damu wa yule steelhead. Waliletwa na Waingereza: mwaka 1905 trauti wa kahawia walipandikizwa katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare, na wale wa upinde wa mvua wakafuata. Leo wapo katika mito ya Mlima Kenya, Aberdare, na kwa upande wetu mito ya baridi ya Kericho. Usiwatafute Yala ya Sigalagala. Maji ya hapa, katika mwinuko wa mita 1,500 na ushei, yana joto linalowachosha. Trauti huanza kutaabika yakikaribia nyuzi 20. Kwenda Kericho ni matatu hadi Kisumu, nyingine hadi Kericho, malazi, leseni, na mtu wa kukuonyesha njia. Huvuliwa kwa desturi kwa nzi bandia, na huo ni ufundi mwingine wenye fimbo yake na uzi wake mzito. Sioni safari hiyo ikishuka chini ya shilingi 5,000, hata ukiazima vifaa. Ni starehe, na starehe si dhambi, ila usiihesabu kama mafunzo ya mwanzo.

Ukijumlisha vyote, usidanganyike kwamba utaokoa pesa za mboga. Siku mbili za nauli ya boda na chai hununua samaki mzuri sokoni Khayega. Hobi ihesabiwe kama hobi.

Kuna gharama mbili ambazo haziko kwenye rafu za duka. Moja ni ruhusa. Uvuvi nchini unaongozwa na sheria ya mwaka 2016, na uvuvi wa kujifurahisha nao una leseni zake, kwa hiyo pita kwanza katika ofisi ya uvuvi mjini Kakamega uulize kuhusu mto unaoutaka. Usivue ndani ya Msitu wa Kakamega bila idhini ya wanaousimamia, ingawa Yala na Isiukhu zote zinapita humo na panavutia. Nyavu za nailoni ya uzi mmoja, zile za kupitisha mwanga, ni marufuku. Kijana akikuuzia kipande kwa bei ya kutupa, mwachie. Na mwenye shamba la ukingoni apewe hodi yake. Salamu na samaki mmoja jioni hufungua njia kuliko shilingi mia.

Nyingine ni usalama wa unachokula. Ikolomani, hapa hapa Kakamega, ni nchi ya dhahabu, na wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuikusanya. Zebaki ikiingia majini hupanda kutoka kwa wadudu hadi samaki wadogo, hadi kambare mkubwa anayewala wote, na hukusanyika mwilini mwake. Kwa hiyo vulia juu ya mkondo, mbali na machimbo, kula wadogo badala ya yule jitu wa kupigia picha, na usifanye kambare wa sehemu hizo kuwa chakula cha kila wiki cha mama mjamzito au mtoto. Ukimshika, mshike nyuma ya mapezi ya kifuani. Miiba yake ina meno na jeraha lake huuma hadi usiku.

Mvua kubwa ikinyesha kule Nandi, Yala hupanda hata kama kwako kuna jua. Maji yakibadilika rangi ghafla na kuanza kuleta majani na vijiti, toka ukingoni bila kumaliza chambo.

Fimbo yenye rili itakuwa na kazi siku utakapoanza kwenda ziwani, kwa mfano Dunga pale Kisumu, penye maji mapana na samaki wa mbali. Wakati huo nunua rili kwanza, iliyo nzuri kadiri ya mfuko wako, na fimbo ya kawaida tu. Jaribu kuizungusha dukani ukiwa umeukaza uzi kwa mkono mwingine: ikitoa sauti ya kusaga, au mpini ukicheza huku na huku, iache hapo hapo, hata muuzaji akikupunguzia hadi nusu ya bei.